Ruta ya kufuatilia trafiki: ile gigabiti ya kwenye boksi isikuzubaishe

Niliingia mkenge kwa namba moja tu. Boksi liliandikwa gigabiti, na siku ya kwanza nilipopima kweli ilikuwa inavuta megabiti 900 na kitu, nikafurahi. Sasa mi nilichokuwa nataka ni kujua nani anamaliza laini ofisini, maana kuna mashine ilikuwa inapandisha bekapu katikati ya kazi na simu za video zinaanza kukatakata, basi nikawasha sehemu ya kufuatilia trafiki kwa kila kifaa na kuwawekea kikomo wawili watatu. Spidi ikashuka mpaka 140. Nazima, inarudi. Nawasha, 140 tena, na ule ukurasa wa trafiki unachukua nusu dakika kufunguka.

Kumbe ruta nyingi zina njia ya mkato ndani ya chipu: paketi (vipande vya data) za mwanzo za muunganisho zinakaguliwa na prosesa, zinazofuata zinapita pembeni bila prosesa kuziona. Gigabiti ya kwenye boksi ni ya njia hiyo. Ukitaka kuzihesabu au kuzipanga foleni, maana foleni ndo inayoshikilia kikomo, inabidi zipite kwa prosesa, mkato unazimwa, na hapo ndo utajua umenunua nini. Gigabiti moja ikijaa fremu, yaani paketi zikiwa kwenye waya, za baiti 1518 ni kama 81,000 kwa sekunde, zikiwa za baiti 64 zinakaribia milioni 1.5. Prosesa ndogo inahema mapema sana.

Kwa hiyo antena ngapi, Wi-Fi ya ngapi, mi siyagusi.

Namba moja kwangu ni ruta za MikroTik na sifichi. Hawa kwenye ukurasa wa kila ruta wanakuwekea jedwali la vipimo kwa baiti 64, 512 na 1518, bila sheria yoyote, halafu na sheria 25 za fayawoli, halafu na foleni 25. We nenda kwenye mstari wa foleni 25, safu ya 512, hiyo ndo spidi yako ya kweli. Laini ikiwa nene chukua RB5009, ina prosesa ya kori nne za 1.4 GHz na RAM ya GB 1, ikiwa ya kawaida hAP ax2 inatosha. Ukifungua Torch, zana yao ya kuangalia trafiki, unaona papo hapo anwani ipi inavuta kiasi gani na kwenda wapi, na mimi ndo nilivyoikamata ile mashine ya bekapu. Ila angalia FastTrack, njia ya mkato ya kwao: kwenye mipangilio ya kiwandani huwa imewashwa, na paketi zinazopita humo zinaruka foleni za kawaida, utaweka kikomo na hakitafanya kitu. Zima ile sheria kwanza, usije ukailaumu ruta bure.

Ya pili, kompyuta ndogo yenye OPNsense, programu ya kuigeuza kompyuta kuwa ruta, iliyochipuka kutoka programu nyingine ya aina hiyo, pfSense, na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2015. Nguvu ipo ya kutosha na ripoti zake nzuri, hakikisha tu ina kadi mbili za mtandao, za Intel ndo hazisumbui. Ya tatu GL.iNet Flint 2, imejengwa juu ya OpenWrt, programu huria ya ruta, kwa hiyo CAKE, mbinu ya kupanga foleni, unaipata ili pingi (muda wa paketi kwenda na kurudi) isipande laini ikijaa. Zile za bei ya chini kabisa zinafaa kama hutaki kufuatilia chochote.

Wauzaji ndo wananikera. Unamuuliza mtu, ukiwasha foleni inabaki megabiti ngapi, anakujibu "ni gigabiti bosi". Unamuuliza prosesa gani, anakutumia picha ya boksi. Niliporudisha yangu nikaambiwa haina kasoro, na wakanipimia palepale mbele yangu, foleni zikiwa zimezimwa.