Uzoefu wangu na Majedwali ya Alfonso: chapa ya Venice ya 1483, nakala ya bure mtandaoni

Kama unapenda falaki na hesabu hazikutishi, pakua nakala hii. Ni skani ya kitabu kizima cha Majedwali ya Alfonso, yaani majedwali ya kukokotoa mahali jua, mwezi na sayari zilipo angani, chapa ya kwanza, iliyotoka kwa mchapaji Erhard Ratdolt mjini Venice mwaka 1483. Maktaba kadhaa za Ulaya zimeiweka mtandaoni na hailipiwi. Gharama yako ni bando tu. Mimi nimeitumia kwa penseli na daftari, na ninayoyasema hapa yanatokana na kukokotoa, si kufungua kurasa na kuzitazama.

Asili yake kwa ufupi. Mfalme Alfonso wa Kumi alitawala Castile, katika Hispania ya leo, kuanzia 1252 hadi 1284. Kazi ya falaki aliwakabidhi wataalamu wawili Wayahudi, Isaac ben Sid na Judah ben Moses. Maelezo yao ya Kikastilia yapo hadi leo, lakini majedwali yaliyokuwa yakifuatana nayo yamepotea. Haya yaliyochapwa ni ya Kilatini, yaliyoshika umbo lake Paris miaka ya 1320, pamoja na maelekezo ya matumizi ya John wa Saxony ya mwaka 1327. Nayataja majina haya makusudi, maana kitabu kinabeba jina la mfalme, na waliokesha na hesabu wanasahaulika.

Sasa kitabu chenyewe. Ukifika kwenye jedwali la mwendo wa wastani wa jua, utaona safu 60 tu, kuanzia 1 hadi 60. Hapo mtu hujiuliza: safu 60 zitahesabuje siku za miaka elfu na zaidi? Jibu ndilo lililonifanya nikipende kitabu hiki.

Kila kitu humo kinahesabiwa kwa sitini sitini, na siku pia. Chukua muda kutoka mwanzo wa tarehe za Kikristo, adhuhuri ya mkesha wa mwaka 1, hadi adhuhuri ya Mei 31, 1252, ambapo majedwali yanaanza kuhesabu enzi ya Alfonso. Ni siku 457,079. Zigawe kwa sitini, kisha tena, kisha tena, utapata 2, 6, 57, 59. Yaani siku 59, sitini 57, sitini za sitini 6, na ngazi moja juu yake 2. Unaingia kwenye jedwali lile lile mara nne, kila tarakimu kwa zamu yake, na kila ukipanda ngazi unasogeza jibu nafasi moja kushoto.

Tuangalie 57. Safu yake inasoma 56, 10, 54, 38: nyuzi 56, dakika 10, sekunde 54, na kuendelea. Lakini 57 yetu ni sitini 57, si siku 57, kwa hiyo unasogeza: ile 56 inakuwa sitini 56 za nyuzi, 10 zinakuwa nyuzi, 54 dakika, 38 sekunde. Kitabu kinagawa duara katika vipande 6 vya nyuzi 60, badala ya buruji 12 za nyuzi 30 tulizozizoea. Kutupa mizunguko iliyokamilika kunakuwa rahisi kabisa: toa sita sita kwenye 56, zinabaki 2. Jibu la 57 ni nyuzi 130, dakika 54, sekunde 38. Fanya hivyo kwa tarakimu zote nne, jumlisha, na mwendo wa jua kwa siku zote 457,079 unatoka nyuzi 158 na dakika 16, ukiacha mizunguko mizima. Unaongeza mzizi, yaani mahali jua lilipokuwa siku ya kuanzia, na una nafasi ya wastani ya jua. Hakuna kuzidisha hata mara moja. Aliyebuni mpangilio huu alimfikiria mtu anayekokotoa usiku kwa taa ya mafuta, akampunguzia kila kazi iliyoweza kupunguzwa.

Baada ya hapo unakwenda kwenye jedwali la kisahihisho, yaani kiasi cha kuongeza au kutoa kwenye nafasi ya wastani, kwa kuwa jua halitembei kwa kasi moja mwaka mzima. Na hapa nina neno. Kisahihisho kikubwa cha jua katika kitabu hiki ni nyuzi 2 na dakika 10. Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2, alikuwa na nyuzi 2 na dakika 23. Al-Battani, aliyeangalia anga kutoka Raqqa katika Shamu kuanzia karne ya 9, alipata nyuzi 1 na dakika 59. Ukikokotoa kwa vipimo vya leo ukarudi nyuma hadi zama hizo, al-Battani ndiye aliye karibu na kweli. Kitabu kilichokuja karne tatu na zaidi baada yake kiko mbali zaidi! Msomaji anayedhani elimu hupanda ngazi tu bila kushuka aitazame tarakimu hii. Majedwali ya Toledo, yanayohusishwa na al-Zarqali wa karne ya 11 na yaliyotangulia haya katika mji huo huo wa Toledo, Hispania, yalichukua thamani ya al-Battani. Waliofuata wakaiacha.

Upande wa pili, urefu wa mwaka unashangaza kwa usahihi wake: siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 16. Kalenda tunayotumia sote, iliyorekebishwa mwaka 1582, ina wastani wa siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 12. Tofauti ni sekunde 4. Nyota zisizotembea, yaani zile zisizo sayari, ndizo zilizowasumbua waandishi wa majedwali: wakaziwekea mwendo wa aina mbili, mmoja wa kuzunguka kwa miaka 49,000 na mwingine wa kwenda mbele na kurudi nyuma kwa miaka 7,000. Huo wa pili haupo angani.

Kwa mtumiaji wa huku kwetu kuna mambo mawili ya kuzingatia. Siku ya majedwali huanza adhuhuri, kwa hiyo saa yao ya 1 ni saa saba yetu ya mchana. Toa sita kwenye saa zetu za mchana baada ya adhuhuri na umemaliza. Pili, hesabu zote ni za Toledo. Mimi niko Mombasa, mashariki ya Toledo kwa karibu nyuzi 44, na adhuhuri yetu inatangulia yao kwa takriban saa 2 na dakika 55. Kwa jua hiyo ni tofauti ya dakika 7 za nyuzi, mtu anaweza kuipuuza. Kwa mwezi usithubutu, maana katika muda huo unatembea zaidi ya nyuzi moja na nusu. Aliyezoea kalenda ya Kiislamu atafurahi kukuta enzi ya Hijra imo, pamoja na za Gharika, Nabonassar mfalme wa Babeli, Alexander na Yazdegerd mfalme wa Uajemi, na majedwali ya kuhamisha tarehe kutoka enzi moja hadi nyingine.

Kasoro za huduma zipo. Nakala niliyopakua kwanza, ambayo sitaitaja ilikotoka, ilikuwa na kurasa zilizofifia ukingoni, na tarakimu za safu ya mwisho hazisomeki. Nikahamia ya maktaba nyingine. Faili ni zito, na kwenye simu kurasa zinachelewa kufunguka. Kilatini chake kimejaa vifupisho, herufi moja na mstari juu yake badala ya nusu ya neno, hivyo maelekezo yanahitaji msaada. Tarakimu ni zetu hizi hizi, hazisumbui. Na kitabu hakikuelezi namba zilipatikanaje, kinakupa tu. Kwa hilo mfumo wa DISHAS wa Observatori ya Paris, ulioundwa kwa ajili ya kuchunguza majedwali ya kale, unasaidia, nao ni bure.

Copernicus, mwanafalaki aliyesema dunia ndiyo inayolizunguka jua, alikuwa na chapa ya 1492 ya majedwali haya haya, na nakala yake ipo Uppsala, Uswidi. Naipa huduma hii nyota 4 kati ya 5. Ya tano imebaki kwenye zile kurasa zilizofifia. Ukianza, chapisha kurasa mbili tu, mwendo wa jua na kisahihisho chake, ukokotoe tarehe unayoipenda kisha ulinganishe na programu ya nyota kwenye simu. Ukizoea, nenda kwa mwezi. Utaridi iache mwisho, ina majedwali yenye kuchosha kuliko sayari zote.