TAHADHARI: "Simu na laini ya ofa" Kariakoo. Wanauza simu feki, kisha wanasajili laini za wizi kwa kidole chako

Ndugu zangu, kama una mzazi, mdogo wako au jamaa wa mkoani anayejiandaa kuja Kariakoo kununua simu janja yake ya kwanza, naomba usome hili kabla hajapanda basi. Kuna mchezo unaendelea kwenye baadhi ya fremu (vyumba vya maduka) za mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, na hauishii kwenye simu feki. Simu feki ni hasara ya pesa, inauma lakini ina mwisho. Hawa wanachukua namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na alama za vidole, wanasajili laini za ziada kwa jina la mteja, na laini hizo zinaenda kuibia watu wengine. Polisi wakianza kutafuta mhusika, jina wanalolikuta ni la mteja.

Aliyepatwa ni mama mdogo wangu, mkulima wa Korogwe. Ni mweka hazina wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya mtaani kwao, na wenzake walishahamishia taarifa za hisa na marejesho kwenye kundi la WhatsApp, kwa hiyo kiswaswadu chake kikawa hakimsaidii tena. Alikuja Dar kwenye harusi ya ndugu, akapita Kariakoo na binti yake. Pale barabarani akapokewa na winga (dalali wa kupeleka wateja madukani) kijana, mwenye adabu zote: "Shikamoo mama. Unatafuta simu? Twende nikupeleke duka la jumla, usije ukapigwa bei huku nje." Si kila winga ni mwizi, wapo wengi wanaotafuta riziki kwa haki. Lakini winga anaishi kwa cha juu, yaani pesa inayoongezwa juu ya bei, na yule anayekupeleka kwa matapeli hulipwa na matapeli.

Ndani ya fremu alionyeshwa simu nzuri, nyuma imeandikwa Samsung, kioo kikubwa, kamera inatoa picha safi. Bei 230,000. Akaishika, akapiga picha, akaridhika. Muuzaji akasema hiyo ni ya maonyesho, akatuma kijana alete "ya boksi" kutoka stoo. Likaja boksi limefungwa nailoni, ndani simu inayofanana na ile kwa rangi na umbo. Mabadilishano yanafanyika hapo hapo mbele ya macho yako. Unajaribu moja, unalipia nyingine.

Baada ya kulipa ndipo ikaja "ofa". Pembeni alikaa kijana amevaa fulana ya mtandao wa simu, ana kishikwambi na mashine ya kusoma vidole. Akamwambia mama mdogo kwamba laini yake ya zamani haiwezi kufanya kazi kwenye simu janja, na kwamba anayenunua simu pale anapewa laini mpya yenye GB za mwaka mzima. Akaomba namba ya NIDA. Kisha: "Mama, weka kidole. Hakijasoma. Weka tena. Futa mkono kidogo. Badilisha, weka cha shahada. Bado mama, weka tena."

Hapo ndipo penye wizi wenyewe. Mama mdogo ameshika jembe maisha yake yote, vidole vimesagika, hata siku ya kujiandikisha NIDA walihangaika naye. Kwa hiyo alipoambiwa kidole hakisomi aliona ni jambo la kawaida. Watu wanaonaswa kirahisi kwenye mtego huu ni hao hao: wakulima, wavuvi, mafundi ujenzi, wazee. Kila kidole kinapokubali, laini moja inaweza kusajiliwa, na wewe unayekaa upande wa pili wa kishikwambi huoni kilichoandikwa kwenye kioo.

Tangu Mei 2019 laini Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa nzuri, tapeli asijifiche. Matokeo yake ni kwamba tapeli akitaka laini sasa lazima apate kidole cha mtu, na njia nyepesi ya kukipata ni kumkalisha mtu kwenye kiti akiwa na furaha ya simu mpya.

Wiki chache baadaye mama mdogo akapigiwa na mwanamume wa Dodoma, anamtukana, anamwita mwizi. Huyo bwana alipokea ule ujumbe tunaoujua wote, "ile hela nitumie kwenye namba hii." Alikuwa anasubiri kumlipa mwenye nyumba wake, akatuma, na jina lililotokea kwenye muamala lilikuwa la mama mdogo, majina yote matatu. Alishafungua jalada. Mama yetu akaitwa kituoni kuandika maelezo kuhusu laini ambayo hajawahi kuigusa. Fikiria aibu hiyo kwa mtu ambaye kijiji kizima kinamkabidhi pesa za kikundi. Walikuwepo wanachama waliotaka avuliwe uhazina.

Tulipopiga *106# na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, tukakuta namba tatu asizozijua. Tulikwenda duka la huduma kwa wateja la mtandao wenyewe, na kitambulisho, zikafungwa, tukaomba uthibitisho wa maandishi wa tarehe na mahali ziliposajiliwa. Waliturudisha mara mbili lakini tuling'ang'ania, na maandishi hayo ndiyo yaliyomsaidia kituoni, kwa sababu laini zote zilisajiliwa mchana ule ule alionunua simu.

Sasa simu yenyewe. Ilikuwa inaandika 4G juu ya kioo lakini hata picha ya WhatsApp haifunguki mchana. Kwenye mipangilio inasema memori GB 256, na baada ya video kadhaa za harusi ikasema imejaa. Nilipiga *#06#, ikatoa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, yenye tarakimu 15, nikaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likaja na aina tofauti kabisa ya simu. Nikaweka programu ya CPU-Z inayosoma kilichomo ndani, ikaonyesha chipu MT6580. Hiyo ni chipu ya zamani ya MediaTek, mwisho wake 3G. Alama ya 4G ilikuwa picha tu iliyochorwa, na hizo GB 256 vilevile. Waliotengeneza simu hizi wamebadilisha maandishi ya kwenye mipangilio, kwa hiyo usiamini kinachosomwa pale. Amini kile simu inachoweza kufanya.

Na vocha ilikuwa inayeyuka bila yeye kupiga. Hilo siwezi kulithibitisha chanzo chake kwenye simu yake, lakini mjue linawezekana: Aprili 2025 kampuni ya Kaspersky ilieleza kuhusu kirusi kinachoitwa Triada kilichokutwa kimepandikizwa ndani ya simu za bandia kabla hazijafika kwa mnunuzi, chenye uwezo wa kutuma SMS kwa siri na kuteka akaunti za WhatsApp. Mtu anayeendesha pesa za kikundi kwenye simu ya namna hiyo yuko hatarini kila siku.

Jambo lingine ambalo watu hulichukulia kama huduma nzuri: muuzaji alimfungulia simu, akamwekea Gmail. Nilipoangalia, ilikuwa Gmail ya muuzaji mwenyewe. Namba za watu na picha zinaweza kwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya mtu wa fremu, naye anaweza kuifunga simu hiyo akiwa mbali, na ukiifuta yote ianze upya kama ilivyotoka kiwandani inakudai nenosiri la kwake. Alimuuliza pia namba ya siri ya pesa kwenye simu "nikuwekee mama." Bahati binti yake alikataa. Ukifunguliwa simu dukani, akaunti ya Gmail iwe mpya, yako, nenosiri uandike wewe. Namba ya siri asiijue hata mwanao.

Na zile GB za mwaka mzima ziliisha kesho yake asubuhi. Alikuwa amewekewa bando la saa 24. Ujumbe wa "hongera umepokea" ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, wakati ujumbe wa kweli wa bando huja kwa jina la mtandao. Ofa yoyote ya kweli utaiona mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wako ukipiga namba yao ya vifurushi, au uliza kwa kupiga 100. Wadogo zangu mnaoanza chuo, nanyi hii inawahusu, maana "laini za chuo" zinazouzwa kando ya barabara zinapita kwenye kiti kile kile na mashine ile ile ya kidole.

Ule uongo kwamba laini ya zamani haifai nao uwakae kichwani. Laini yako inaingia kwenye simu janja. Kama kadi ni ya zamani sana na haishiki 4G, duka la mtandao wako linakubadilishia kadi, namba inabaki ile ile na pesa zako zinabaki pale pale. Hata ukitaka kuhama mtandao kabisa, tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhama na namba yako. Hakuna sababu ya mtu wa fremu kukusajilia chochote.

Kuhusu mtandao upi uchague, sitawapigia debe watu. Uliza jirani wa nyumbani kwako, siyo muuzaji wa mjini. Kwa mama mdogo mtandao unaoshika vizuri Dar haupatikani hadi apande kilimani, wakati shambani kwa jirani mtandao mwingine unafungua video. Anza na bando la siku au la wiki, uone linakwenda vipi, na uzime programu kujisasisha zenyewe bila Wi-Fi maana hizo ndizo zinazokula bando la mtu mgeni usiku akiwa amelala.

Ukiwa dukani, simu unayoijaribu ndiyo uichukue, hiyo hiyo uliyoishika. Wakileta boksi lingine, boksi lifunguliwe mbele yako na majaribio yaanze upya kabla ya kulipa. Piga *#06#, linganisha na namba iliyobandikwa kwenye boksi, tuma 15090 usubiri jibu. Weka laini yako, zima Wi-Fi ya dukani, pakua WhatsApp kutoka Play Store kwa bando lako mwenyewe. WhatsApp ilishaacha kufanya kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0, na simu nyingi za bandia ndani yake zina mfumo wa zamani ingawa nje zinajitangaza ni mpya, kwa hiyo jaribio hilo dogo linafichua mengi. Kama ni simu iliyotumika, washa na kuzima, angalia kama kuna programu ya kampuni ya mikopo ya simu, kwa sababu simu ambayo mwenyewe hajamaliza deni itajifunga mikononi mwako na pesa yako imeshakwenda.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka na IMEI iandikwe. Lipa kwa lipa namba ya duka, na jina linalotokea lifanane na la kwenye risiti. Mama mdogo aliambiwa atume kwa namba ya kijana "mtandao wa lipa namba unasumbua," na tuliporudi pale na simu mkononi, watu wa fremu walisema huyo kijana hawamjui. Kwa simu bandia mnaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao kazi yao ni pamoja na kupambana na bidhaa bandia. Bila risiti mnaanza kwa kuthibitisha kwamba mlinunua.

Kama umeshawahi kusajiliwa laini na mtu wa barabarani na ukawekeshwa kidole mara nyingi, piga *106# leo, na uwapigie wazazi wako uwasaidie kupiga. Ukikuta namba usiyoijua, usiipigie. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, ifungwe, upewe maandishi. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" ukiingia kwako, usiufute tu, upeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, utaulizwa namba ya tapeli, uiandike. Ile namba huenda imesajiliwa kwa jina la mama wa mtu ambaye bado hajui.

Jalada la mama mdogo bado liko wazi. Fremu ile sitaitaja hapa kwa sababu iko kwa polisi na sitaki wahame kabla hawajafikiwa. Lakini kama ulinunua simu ya Samsung ya "ofa" Aggrey, ukapewa laini yenye GB za mwaka mzima na kuambiwa kidole hakisomi, niandikie faraghani ukiwa na tarehe na IMEI. Tayari tuko wanne, na mpelelezi ametuambia tukifika pamoja kila mmoja na karatasi zake, kesi inakuwa na uzito mwingine.