Umbria kwa treni za kawaida, tulilala Foligno: uzoefu wangu

Kwa wanaoulizia Italia ya taratibu bila kukodi gari, mi nasema mkoa wa Toscana uacheni kwanza, nendeni Umbria, mkoa jirani hapo katikati ya Italia. Nilienda na mama, yeye shida yake Assisi tu, mji wa Mtakatifu Fransisko, mengine aliniachia nipange ila magoti yake tuyahurumie.

Wengi watakwambia ulale Assisi, mi napinga. Tulichukua chumba Foligno, mji hauna makuu kwenye picha ila ni tambarare na ndo njia panda ya reli, huku unaenda Spello, Assisi na Perugia, huku Spoleto, jioni unarudi kitanda kilekile, hakuna kuburuta mabegi kwenye vilima kila asubuhi. Treni wanaziita regionale, nauli yake haipandi ukichelewa kukata kama zile za kasi, kwaiyo mnaamka, mnachungulia mvua, mnaamua. Ila tiketi ya karatasi igongeshe kwenye kimashine kabla hujapanda, la sivyo faini.

Stesheni ya Assisi iko bondeni Santa Maria degli Angeli, basi ndo linakupandisha mjini. Msikimbilie basi! Ndani ya basilika ya hapo chini kuna kikanisa kidogo cha mawe, Porziuncola, cha Mtakatifu Fransisko mwenyewe, mama aligoma kutoka, nikaenda kunywa kahawa nikarudi bado yuko kwenye rozari. Basilika ya juu mjini walianza kuijenga 1228, miaka miwili tu baada ya kifo cha Fransisko, makanisa mawili yamebebana na kaburi liko chini yake. Mabega yafunikwe, kanga inatosha.

Perugia niliiogopa kwa ule mlima, kumbe kuna eskaleta zinapita ndani ya mabaki ya ngome ya Papa Paulo wa Tatu, yaani unakatiza vichochoro vya zamani vilivyofunikwa kabisa na ngome, aisee. Aliijenga baada ya kuwashinda watu wa Perugia kwenye vita ya chumvi (waligomea kodi yake ya chumvi), 1540, na wenyeji wengine wanadai ndo maana mkate wao hadi leo hauna chumvi (wengine wanabisha). Mama aliusukuma pembeni siku ya kwanza, alipoula na prosciutto, paja la nguruwe lililokaushwa ambalo lina chumvi ya kutosha, akanyamaza akaongeza.

Spello ndo niliipenda zaidi, kuna kanisa lina kuta alizochora mchoraji wa zamani Pinturicchio 1501, rangi bado kali, na watu wachache. Kupanda ni kukali lakini, pumzikeni njiani.

Chumba nakipa nyota nne, moja nimekata maana kodi ya mji, ile wanayotozwa wageni wanaolala, tuliambiwa tukiwa tunaondoka, tena walitaka keshi. Orvieto msiilazimishe kutokea Foligno, iko reli nyingine mpaka ubadilishie Orte, bora mshukie hapo mkiwa njiani kati ya Roma na Firenze (Florence).