Kanzidata ya ADL ya alama za chuki: hodari kwa picha, dhaifu kwa mzaha

Hate on Display, kanzidata inayotunzwa na shirika la Marekani la Anti-Defamation League (ADL), ni huduma ya bure inayomfaa mzazi au mwalimu aliyeona katuni, namba au ishara ya mkono kwenye simu ya kijana na asielewe maana yake. Imekusanya alama zaidi ya 200, kila moja ikiwa na maelezo mafupi. Humo utasoma, kwa mfano, kwamba 88 humaanisha "Heil Hitler", salamu ya kumtukuza Hitler, kwa kuwa H ni herufi ya nane, na kwamba mabano matatu yanayozunguka jina ni njia ya wabaguzi ya kumtambulisha Myahudi ili ashambuliwe.

Ukurasa ulioandikwa kwa busara kuliko yote ni wa chura Pepe, aliyechorwa na Matt Furie mwaka 2005 akiwa mhusika asiye na siasa yoyote, kisha akatekwa na wafuasi wa mrengo mkali wa kulia hadi akaorodheshwa Septemba 2016. Ukurasa huo unasisitiza kuwa matumizi mengi ya Pepe hayana chuki, tahadhari iliyothibitika mwaka 2019 waandamanaji vijana wa Hong Kong walipomfanya chura huyohuyo kuwa alama ya kudai demokrasia.

Udhaifu wa huduma hii unaonekana kwenye ishara ya mkono ya "OK", ambapo kidole gumba na cha shahada huunda duara. Ilianza mwaka 2017 kama utani wa 4chan, jukwaa la mtandaoni la watu wasiojitaja majina: walidai ni ishara ya ubaguzi wa wazungu ili waandishi wa habari watakaoamini waonekane wapumbavu. Baadaye baadhi ya wabaguzi wakaitumia kwa dhati. Historia hiyo imeelezwa vizuri, lakini hakuna linaloeleza kwa nini kijana asiye mbaguzi huisambaza, yaani raha ya kuwaudhi wakubwa na kinga ya kusema "natania tu". Wala huduma haigusi namna vijana wenyewe wanavyojibu wanapotumiwa picha za mzaha wa namna hii: wapo wanaopita kimya, wapo wanaojitoa kwenye kundi, na wapo wanaobadili maneno ya picha ili kumcheka aliyeitunga, ingawa hawa nao huisambaza zaidi.

Tena, utafutaji unategemea maneno, kwa hiyo mwenye picha asiyejua jina lake atapekua sana, akipita kurasa nyingi za magenge ya magerezani (ambazo, nadhani, zinawafaa zaidi polisi). Mwalimu ningemshauri aitumie. Kwa wanafunzi, ningechagua ukurasa wa Pepe peke yake, usomwe na kujadiliwa darasani.