Msaada wa kisheria bure kwa wanawake: unakufikisha wapi kwenye kesi ya talaka na mali?

Vituo vya msaada wa kisheria kwa wanawake hapa Tanzania Bara vilizaliwa na harakati za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wakati mashirika ya wanawake kama TAMWA (wanahabari), TAWLA (wanasheria) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria) yanaanza kusimama. Watu wengi huzijua harakati hizo kwa kesi zinazotikisa magazeti, kama ile ya Rebeca Gyumi ya kupinga ndoa za utotoni, ambayo Mahakama ya Rufani iliimaliza mwaka 2019. Tunachopima hapa ni kazi ya kila siku: mwanamke amekaa kwenye benchi la kituo na mfuko wa karatasi, anataka talaka na haki yake kwenye nyumba. (Zanzibar ina utaratibu wake, Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko.)

Tathmini yetu ni kwamba huduma hii ni nzuri sana kabla kesi haijafunguliwa, ni ya wastani kesi ikishafika mahakamani, na ni dhaifu baada ya hukumu.

Anza kwa kumjua anayekuhudumia. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua mawakili, wanasheria na wasaidizi wa kisheria, wale wanaoitwa mitaani maparalegali. Msaidizi wa kisheria anaweza kukueleza sheria, kukuelekeza ofisi sahihi na kukusaidia kuandika nyaraka. Kusimama mahakamani badala yako si kazi yake, na kukutoza hela ya "kufungulia faili" pia si kazi yake. Huduma ni kwa asiye na uwezo, kwa hiyo nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji mapema, usije ukarudishwa kwa ajili ya mhuri.

Msaidizi mzuri utamtambua kwa jinsi anavyoshughulikia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, maana hapo ndipo kesi nyingi hufia. Sheria ya Ndoa inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kupatanisha, linatoa hati inayosema wazi kwamba limeshindwa. Hati hiyo ina fomu yake, Fomu Na. 3. Mabaraza mengine huandika barua ya kawaida, "tunamleta kwenu mhusika kwa hatua zaidi," na mama anaondoka akiamini mambo yamekwisha. Mdaiwa akiweka pingamizi, au hata bila pingamizi shauri likifika kwenye rufaa, lote linaweza kutupwa kwa sababu ya barua hiyo. Msaidizi anayejua kazi huisoma hati palepale: majina ya wanandoa, tarehe, sahihi, mhuri, na maneno kwamba usuluhishi umeshindikana.

Kisha kuna muda. Hati haitakiwi kuwa na zaidi ya miezi sita siku unapofungua shauri. Vituo vingine vinapenda mno kupatanisha: wito wa kwanza, wa pili, wa tatu, mume haji, miezi inakwenda, na mwisho hati inazeeka kwenye droo. Hapa tunavinyima alama bila huruma. Mume aliyeitwa na baraza akakataa kwa makusudi kufika si sababu ya kusubiri. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinamtaja miongoni mwa hali zinazoruhusu kwenda mahakamani bila kupitia baraza, pamoja na mume aliyekutelekeza na hajulikani alipo, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi sita, au aliyefungwa miaka mitano na zaidi. Na kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Hilo nalo husahaulika.

Kwa ndoa za Kiislamu kuna kosa jingine linalojirudia. Mume ameandika talaka, shahidi ametia sahihi, mke anadhani imebaki kugawana tu. Talaka ya karatasi haigawi nyumba. Bado unahitaji hati ya baraza na amri ya mahakama ndipo mgawanyo chini ya kifungu cha 114 uweze kufanyika.

Ambaye hakufunga ndoa asikate tamaa mlangoni. Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinaleta dhana ya ndoa, yaani mnachukuliwa kuwa wanandoa, na mahakama inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na nafuu nyingine. Dhana hiyo inaweza kupingwa. Mwanamume akithibitisha kwamba ana ndoa nyingine hai ya mke mmoja, mambo huwa magumu. Kituo kinachokuahidi ushindi bila kukuuliza swali hilo hakijafanya kazi yake.

Sasa ushahidi wa mchango, na hapa ndipo huduma inapoonyesha thamani yake. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Wengi huitaja kesi hiyo kwa fahari na kuishia hapo; Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokuwa anadai. Kanuni ilishinda, ila kiasi cha mgao hutegemea ushahidi, na mahakama hazijaacha kusisitiza hilo. Kwa hiyo "nilipika na kulea" ni mwanzo tu. Kituo makini kitakukalisha mpange kila mali kwenye mstari wake: ilipatikana mwaka gani, kwa hela ya nani, nani alisimamia, nani anaweza kusema. Leta cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, mkataba wa mauziano ya kiwanja, risiti za mabati na saruji, daftari la VICOBA linaloonyesha mkopo uliochukua mwezi ule ule ujenzi ulipoanza, na taarifa ya miamala ya simu uliyomtumia fundi. Fundi mwenyewe ni shahidi mzuri kuliko dada yako. Mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia mauziano ni mzuri zaidi.

Vituo vinavyoandika maelezo ya jumla, "tulichuma mali nyingi pamoja," vinakupoteza. Mahakama haigawi "mali nyingi". Inagawa nyumba iliyo kwenye kiwanja fulani, mtaa fulani.

Wakati hayo yanaendelea, mume anaweza kuuza. Kifungu cha 59 kinamkataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nyumba ikiwa na hati miliki, mke anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Isiyo na hati, andika barua kwa serikali ya mtaa au kijiji, ipokelewe kwa mhuri, ubaki na nakala. Ajabu ni kwamba hatua hii haichukui muda mrefu, lakini wahudumu wengi huikumbuka mnunuzi akishaanza kumwaga kokoto.

Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023 na kuzunguka mikoani, ni nzuri kwa kusikilizwa mara ya kwanza na kujua njia. Kesi ya mali haimalizwi kwa siku chache za kambi, kwa hiyo usiondoke bila jina la kituo cha karibu kitakachoendelea na faili.

Mahakama ya mwanzo ina faida: Kiswahili, gharama ndogo, na huhitaji wakili ili usikilizwe. Usiporidhika, rufaa ya shauri la ndoa ina siku zake maalum. Kituo kikikwambia urudi "tukimaliza ripoti ya robo mwaka", hesabu mwenyewe.

Udhaifu mkubwa ni baada ya hukumu. Faili hufungwa, takwimu zinaandikwa, lakini amri ya kugawa nyumba haijitekelezi. Lazima uombe kukaza hukumu, yaani mahakama isimamie itekelezwe, mthamini aitwe, na mara nyingi mmoja amlipe mwenzake au nyumba iuzwe. Hapo ndipo wengi hubaki peke yao na nakala ya hukumu. Siku ya kwanza kabisa uliza: nani ataandika maombi ya kukaza hukumu, na gharama ya mthamini italipwa na nani? Jibu lisipoeleweka, chukua msaada wao wa nyaraka, na huku utafute wa kukusindikiza hadi mwisho.