Equine Senior ya Purina: Chakula cha Farasi Aliyeishiwa Magego

Katika zizi ninalofanyia kazi, nje kidogo ya Lexington, Kentucky, tuna farasi wawili wazee: dume aliyehasiwa mwenye miaka 26, ambaye hata Wamarekani wamezoea kumwita Mzee, na jike wa miaka 23. Tangu mwezi Januari Mzee anakula Equine Senior ya Purina, ilhali jike bado yuko kwenye nyasi kavu na malisho. Wamiliki wengi hununua mfuko huu kwa kuangalia mwaka wa kuzaliwa tu, na kwa maoni yangu huko ni kutupa fedha.

Jino la farasi huchomoza kwa milimita 2 hadi 3 kila mwaka, likifidia kinacholika kwa kusaga nyasi, mpaka akiba iliyomo ndani ya taya inapokwisha, jambo ambalo kwa wengi hutokea wakiwa wamepita miaka 20. Chini ya hori la Mzee tulianza kuokota mabonge ya nyasi yaliyolowa mate, mfano wa matonge ambayo mtoto ameyatafuna kidogo akayatema. Kinyesi chake kikawa na nyuzi ndefu, na chini ya manyoya ya majira ya baridi, ambayo huficha mengi, vidole vyangu vilihesabu mbavu bila kubonyeza. Kwa kipimo cha Henneke, kinachoanzia 1 kwa farasi aliyekondeana hadi 9 kwa aliyenenepeana, alikuwa ameshuka kutoka 5 hadi 3. Daktari wa mifugo alimpiga tupa meno, akakuta baadhi ya magego yamelika hadi usawa wa ufizi, kisha akachukua damu kupima ugonjwa wa Cushing, yaani hitilafu ya homoni inayowapata farasi wazee, kwa kuwa nao hukondesha misuli ya mgongo na hautibiki kwa kubadilisha chakula. Damu haikuonyesha ugonjwa. Ndipo tukanunua mfuko wa kwanza.

Chakula chenyewe ni peleti zenye protini asilimia 14 na mafuta asilimia 5.5, zilizochanganywa na machicha ya kiazisukari yanayoleta ufumwele, na ndiyo maana zinaweza kushika nafasi ya nyasi zote kwa farasi asiyeweza kutafuna. Gharama nayo iko hapo hapo. Farasi wa kilo 500 asiyekula nyasi kabisa huhitaji takriban kilo 7 kwa siku, kwa hiyo mfuko wa paundi 50, yaani kilo 22.7, humtosha siku tatu na chenji kidogo. Anayempa farasi wa namna hiyo kopo moja asubuhi na jingine jioni, kisha akalalamika kwamba hanenepi, hajamlisha, amemwonjesha. Tena kopo lipimwe kwanza kwenye mizani, maana macho hudanganya.

Tulimhamisha polepole kwa siku 10, na sasa anapata milo minne, hakuna unaozidi kilo 2. Peleti huzilowesha kwa maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama uji mzito, kwa sababu farasi asiye na magego akizimeza kavu zinaweza kumkwama kooni. Zinalainika upesi, zina harufu ya molasi, na Mzee akisikia ndoo tu huanza kugonga mlango kwa kwato. Kufikia Agosti utepe wa kupimia uzito ulisoma kilo 496, kutoka 452.

Hiyo molasi inahitaji tahadhari: mwenye farasi aliyewahi kuugua kwato kwa sababu ya sukari amuulize daktari kabla ya kununua. Mnunuzi pia anuse mfuko kabla ya kulipa. Duka moja liliwahi kuniuzia mfuko uliokuwa umelowa pembeni na kuota ukungu, nikaurudisha.

Nakipa chakula hiki nyota nne kati ya tano, nyota moja nikiikata kwa ajili ya bei. Jike hatujampa. Meno yake yanasaga vizuri, kinyesi hakina nyuzi, yuko kwenye 6 ya Henneke na shingo yake imeanza kujaa mafuta. Mwenyewe hakubaliani nasi, kwani kila jioni huja kunusa ndoo ya Mzee, na tumelazimika kuweka lango kati yao.