Nimepanda mizani ya elfu thelathini kila asubuhi, wiki mbili

Mambo vipi jamani, karibuni. Hii ndiyo ile mizani ya kioo niliyoichukua soko la Majengo kwa elfu thelathini, na mmenisumbua sana: inasema kweli?

Haya, tuipime. Maji lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ubishi. Napanda: 78.4. Nashuka, nakunywa chupa hii yote ya lita moja... ngoja... imeisha. Napanda tena: 79.4. Nimenenepa kilo nzima mbele ya macho yenu! Kwa uzito iko vizuri. Ila iwekeni kwenye sakafu ngumu, juu ya zulia inabwabwaja.

Sasa sikilizeni. Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato. Nyama choma, chumvi pembeni, ugali, soda mbili. Jumapili asubuhi: 80.1. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Jumatano, sijajinyima chochote, 78.6.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori kama 7,700. Kuongeza kilo 1.7 za mafuta usiku mmoja ningehitaji kalori 13,000 za ziada. Msalato nakula, lakini siyo hivyo! Yale ni maji. Chumvi inayazuia mwilini, na wanga unaowekwa akiba kwenye misuli na ini, kila gramu inakaa na gramu kama tatu za maji. Halafu chakula chenyewe kilikuwa bado tumboni.

Ndiyo maana ukiacha ugali unashuka haraka wiki ya kwanza, unatangaza mtaa mzima, ukiurudia na mlenda wake, kilo zinarudi. Akina dada wengi nao hupanda kidogo hedhi ikikaribia. Na ukikimbia juani hapa Dodoma, kilo iliyopungua ni jasho, kunywa maji. Lakini mguu ukivimba, ukiubonyeza kishimo kikabaki, achana na mizani, nenda hospitali.

Nisichokipenda ni hii asilimia ya mafuta. Inapitisha umeme hafifu miguuni halafu inakisia, na maji ya mwili yakibadilika, jibu nalo linabadilika. Asubuhi 24, jioni 21. Mafuta gani hayo yanakwenda kazini na kurudi?

Mimi napima nikitoka msalani, kabla ya chai, naandika, kisha natazama wastani wa siku saba. Inunueni tu, ila fungueni boksi palepale dukani. Yangu haikuwa na betri.